Protini, molekuli ndogo au unga: uingie kristalografia kwa mlango gani?

Mwezi uliopita binti mmoja aliyemaliza shahada ya kemia aliniandikia: "Shikamoo dada. Nina barua mbili mkononi, na mwalimu wangu ananivuta upande wa tatu. Nishike lipi?" Barua ya kwanza ilikuwa ya ajira: maabara ya kiwanda cha saruji, kazi yenyewe kuendesha mashine ya eksirei inayopima unga. Ya pili ilikuwa nafasi ya uzamili Ulaya, kwenye kundi linalotafuta maumbo ya protini. Ada imesamehewa, pesa ya kula ajitafutie. Mwalimu wake naye alitaka abaki chuoni, asome fuwele za kampaundi wanazozipika wenyewe maabara.

Yote matatu yanaitwa kristalografia ya eksirei: kuipitisha eksirei kwenye fuwele, yaani kitu kigumu ambacho atomu zake zimejipanga kwa safu zinazojirudia, ili ujue kila atomu imekaa wapi. Ukimweleza mjomba wako atadhani ni kazi moja, tena ile ya kupiga picha mifupa hospitali. Mimi nimezifanya zote tatu, kwa mpangilio ambao sasa nauona ulikuwa kinyumenyume: nilianza na protini, nikaangukia molekuli ndogo, na siku hizi nusu ya wiki yangu ni unga. Kwa hiyo nilimpigia, tukaongea mpaka bando lake likakata. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na yaliyonijia baada ya simu kukatika.

Kinachowekwa mbele ya mwali

Fizikia ni ile ile. Mwaka 1912 mjini Munich, Max von Laue na wenzake Friedrich na Knipping walipitisha eksirei kwenye fuwele ya salfeti ya shaba, na bamba la picha likatoka na madoa yaliyojipanga. Mwaka uliofuata William Bragg na mwanawe Lawrence waliyasoma madoa ya namna hiyo, wakaonyesha jinsi sodiamu na klorini zinavyopokezana nafasi ndani ya chumvi, hii hii ya jikoni. Lawrence alipata Nobeli mwaka 1915 akiwa na miaka 25. Kanuni yake inaenea kwenye kiganja: urefu wa wimbi, pembe, na nafasi kati ya safu moja ya atomu na nyingine. Eksirei inayotoka kwenye shaba ina wimbi la angstromu 1.54 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), na huo ndio umbali kati ya atomu mbili za kaboni kwenye almasi. Mwanga wa kawaida, wenye mawimbi marefu mara elfu kadhaa, hauwezi kuona kitu kidogo hivyo hata ukiununulia hadubini ya dhahabu.

Kinachotofautiana ni unachokiweka mbele ya mwali. Kwa molekuli ndogo unaweka punje moja safi, ndogo kuliko punje ya sukari, yenye molekuli za atomu makumi au mia hivi. Kwa protini unaweka fuwele ambayo karibu nusu yake ni maji, laini, na kila molekuli ina maelfu ya atomu. Kwa unga unaweka fuwele ndogo ndogo zisizo na idadi, kila moja imeangalia kwake, ndipo madoa yanapounganika kuwa pete, na pete zinasomwa kama vilima kwenye mchoro.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo. Lakini ndiyo inayoamua utalala saa ngapi, utaishi wapi, na nani atakulipa.

Kusubiri

Ukiniuliza kinachotenganisha njia hizi kuliko vyote, sitasema hisabati wala mshahara. Nitasema ni kusubiri.

Kwenye molekuli ndogo, mkemia anakuletea kichupa asubuhi. Unamimina kidogo kwenye kioo chenye tone la mafuta mazito, unainamia hadubini, unatafuta punje isiyo na ufa na isiyopandana na nduguye. Unaizoa kwa kitanzi chembamba, unaipachika kwenye mashine, na mkondo wa nitrojeni ya nyuzi 173 chini ya sifuri unaigandisha palepale. Data inakusanywa kwa saa chache, mashine mpya hata dakika. Programu ya SHELX, ambayo George Sheldrick aliianza miaka ya 1970, inalitegua fumbo la atomu ipi imekaa wapi kwa sekunde, na kabla ya chai ya saa kumi unamwonyesha mkemia kile alichokipika. Mara nyingi sicho alichodhani. Nakiri hiyo ndiyo raha yangu hadi leo: kumwona mtu mzima, profesa, anaikodolea macho skrini kwa sababu oksijeni imekaa mahali ambapo yeye hakuiweka.

Siku mbaya zipo. Kuna fuwele pacha, zilizoota moja ndani ya nyingine. Kuna kiyeyusho kinachohamahama ndani ya vitundu na kukunyima picha tulivu. Hizo zinakula wiki nzima. Lakini ni wiki.

Kwenye protini, eksirei ndiyo sehemu fupi ya kazi, na hili vijana wengi hawaambiwi. Unapandikiza jeni kwenye bakteria, unawalea kwa lita na lita, unawapasua, unaichuja protini yako kutoka miongoni mwa maelfu ya nyingine, unaikoleza. Ndipo unaanza kubahatisha: chumvi ipi, pH ngapi, polima kiasi gani. Kuna roboti linaitwa mosquito, na jina limemkaa, maana linafyonza kitone usichoweza kukiona kwa jicho na kukitema kwenye kisima chake. Linapanga hali 96 kwenye sahani moja huku wewe unakunywa maji. Unaifunga sahani, unaiweka kabatini. Fuwele inaweza kuota kesho, wiki ijayo, mwezi wa tatu. Au isiote kabisa.

Dorothy Hodgkin, aliyezaliwa Cairo mwaka 1910, alipiga picha ya kwanza ya fuwele ya insulini katikati ya miaka ya 1930. Umbo lake alilipata mwaka 1969. Katikati hapo aliitegua penisilini na vitamini B12, akapata Nobeli ya kemia ya 1964, na habari ikamkuta Ghana, alikokuwa mumewe akifanya kazi. Kompyuta na mashine za leo zimeifupisha safari hiyo sana, lakini hatua ya fuwele kukubali kuota bado haijapata mbabe.

Kisa changu ni kidogo na hakina Nobeli. Mwaka wa pili wa uzamivu, baada ya miezi mitano ya matone yaliyochafuka kama maziwa yaliyokatika, nilifungua kabati Jumatatu moja nikaona kwenye kisima D7 fuwele ndefu, kingo zake kama zimekatwa kwa wembe. Niliita maabara nzima. Msimamizi wangu, mtu asiyependa makelele, alitutoa wote chakula cha mchana. Tukazigandisha tatu, tukazipeleka kwenye sinkrotroni, ile mitambo mikubwa ya eksirei kali nitakayoieleza mbele. Picha ya kwanza ilitokea saa nane usiku: madoa machache, makali, yameachana mbalimbali kama nyota za kwanza magharibi inapoingia. Fuwele ya protini hutoa madoa mengi, yamesongamana. Mtaalamu wa zamu alinitazama, akarudi kwenye kahawa yake, hakusema neno. Ilikuwa chumvi. Bafa yangu, kile kimiminika kinachotuliza pH, ilikuwa na fosfati, kisima kilikuwa na kalsiamu; zilikutana zikaoana, protini yangu ikabaki ikielea pembeni kama mgeni harusini. Ningeanza kwa kuidonoa na sindano ningejua mapema: fuwele ya protini husagika kama jibini, ya chumvi hupasuka tik.

Kama kisa hicho kimekuchekesha, protini inaweza kukufaa. Kama kimekukaba koo, shika maneno hayo.

Unga hauna vituko hivi. Unasaga sampuli, unaisawazisha kwenye kikombe chake, unaweka, na baada ya dakika kumi au ishirini mchoro upo. Ufundi uko kwenye kusaga (ukizidisha unaharibu fuwele, ukipunguza vilima vinadanganya) na kwenye madini ya bapa kama mika, yanayolaliana kama chapati na kukufanya uone kingi kilicho kidogo. Kwenye saruji sampuli inatoka tanurini kwa ratiba, mchana na usiku. Huko husubiri, wewe ndiye unayesubiriwa, na mtu wa chumba cha kuongozea tanuri atapiga simu.

Mashine iko wapi, na umeme je

Mashine ya fuwele moja ni kubwa kama kabati la nguo, na bei yake ni ya nyumba kadhaa nzuri. Zamani ilidai maji ya kupoozea usiku na mchana, na umeme ukikatika mrija wa eksirei ndio unaoumia. Vyanzo vipya vidogo vinapozwa kwa hewa tu, na hilo limefungua milango kwa vyuo ambavyo zamani visingethubutu. Hata chuo kisipokuwa nayo, fuwele za molekuli ndogo nyingi zinavumilia posta: unazifunga kwenye kichupa, unampelekea mwenzako mwenye mashine, anakurudishia data kwa barua pepe, wewe unaitegua kwenye kompyuta yako ya mapajani. Programu ya Olex2 ya kuteguliamo ni bure, na Mercury ya kutazamia maumbo inapatikana bure pia. Kwa maoni yangu hii ndiyo sayansi ya daraja la juu ambayo mtu wa chuo cha Mlimani, Dar es Salaam, au Chiromo, Nairobi, anaweza kuianza wiki hii bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Protini inakwenda kwenye sinkrotroni: pete kubwa ambamo elektroni zinakimbizwa karibu na kasi ya mwanga, zikipinda zinamwaga eksirei kali kupita kiasi. Ya Diamond, Oxfordshire, Uingereza, ina mzingo wa mita 562. Ya ESRF, Grenoble, Ufaransa, mita 844. Iliyo karibu zaidi nasi ni SESAME ya Jordani, iliyofunguliwa mwaka 2017, mita 133. Afrika yenyewe haina hata moja, ingawa wanasayansi wa bara hili wamekuwa wakiisukuma hoja hiyo kwa miaka.

Watu husikia hivyo wakakata tamaa bure. Ukweli ni kwamba siku hizi watumiaji wengi wa protini hawaendi kabisa. Fuwele zinagandishwa, zinatiwa kwenye mtungi maalum wa baridi, zinasafirishwa kama kifurushi, na wewe unaiongoza mashine kutoka popote penye intaneti. Seti nzima ya data inakamilika kwa dakika moja au chini. Nimewahi kukusanya data nikiwa jikoni, mtoto mgongoni, mchuzi motoni unaungua kidogo. Kikwazo cha kufanya protini nyumbani Afrika Mashariki si pete iliyo mbali. Ni friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri isiyostahimili mgao wa umeme, na kimeng'enya kilichokaa forodhani mpaka barafu yake ikayeyuka.

Unga ndio unaosafiri vizuri kuliko wote. Kuna mashine za mezani, kama D2 Phaser ya kampuni ya Bruker, ambazo mrija wake ni wa wati 300, chini ya pasi ya umeme, na unachomeka kwenye soketi ya ukutani. Chombo cha CheMin kilichomo ndani ya gari la utafiti la Curiosity kinafanya kazi hiyo hiyo ya unga juu ya sayari ya Mars tangu 2012. Kilichofika Mars hakishindwi kufika Mtwara. Tahadhari moja tu: mashine yoyote ya eksirei inahitaji kibali cha mionzi, kwa Tanzania ni cha TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki, na usikubali kufanya kazi kwenye mashine ambayo mtu ameufunga mlango wake wa usalama kwa waya ili usizime mwali. Kwa unga ongeza barakoa. Vumbi la silika linaua mapafu polepole, ni la kuogopa kuliko mionzi utakayokutana nayo kazini, na halina kengele.

Nani anakulipa

Hapa nitasema wazi bila kupaka rangi.

Protini inalipa vizuri ukishafika, na kufika ni mbali. Uzamivu, kisha mikataba ya utafiti ya miaka miwili au mitatu, kila mmoja nchi nyingine na viza nyingine. Mwisho wa njia kuna kampuni za dawa, kuna kampuni zinazofanya kazi hiyo kwa malipo ya wateja, kuna uhadhiri, na kuna wale wanaosimamia vituo vya kazi vilivyoizunguka pete ya sinkrotroni. Hao wa mwisho nawaheshimu sana: wana mashine nzuri kuliko mtu yeyote duniani, na simu yao inalia usiku wa manane kwa sababu mwanafunzi fulani ameangusha fuwele. Kwa bara letu, shirika la BioStruct-Africa, lililoanzishwa na Mkameruni Emmanuel Nji, limekuwa likifundisha biolojia ya maumbo kwa watafiti waliopo Afrika, na ndiko ningeelekeza macho kwanza.

Molekuli ndogo ina tatizo jingine: idara moja ya kemia ina mkristalografa mmoja, aghalabu. Akistaafu kuna nafasi moja, asipostaafu hakuna. Aliyeipata ana kazi ya kudumu na jina kwenye makala za watu wengi, maana kila mkemia anamhitaji. Wapo pia wanaoajiriwa Cambridge kwenye hazina ya data ya maumbo iliyoanza 1965 na kuvuka maumbo milioni moja mwaka 2019, na wapo wanaozunguka nchi kwa nchi kwa ajili ya watengenezaji wa mashine, wakifundisha watumiaji. Kazi hiyo ya mwisho haitajwi na mwalimu yeyote, na inalipa.

Unga unaajiri watu wengi zaidi, na mapema zaidi. Shahada ya kwanza inatosha kuingia. Saruji, madini, keramiki, dawa, hata chokoleti: siagi ya kakao ina aina sita za fuwele, na ni moja tu inayong'aa na kupasuka vizuri mdomoni, kwa hiyo kakao ya Kyela nayo hatimaye inapita mbele ya mtu wa fuwele mahali fulani. Pugu kuna kaolini, Mahenge kuna grafiti. Mtu lazima aseme kilichomo ni nini na kwa asilimia ngapi. Mbinu ya kupata asilimia hizo kutoka kwenye mchoro mzima aliitoa Mholanzi Hugo Rietveld mwaka 1969, na anayeijua vizuri hakosi chakula.

Na usidhani unga ni kazi ya chini. Dawa ya UKIMWI iitwayo ritonavir iliingia sokoni mwaka 1996. Mwaka 1998 kapsuli zake zikaanza kufeli kipimo cha kuyeyuka. Molekuli ilikuwa ile ile, haikuongezwa wala kupunguzwa atomu, ila ilikuwa imejipanga katika fuwele ya aina nyingine, iliyotulia zaidi na isiyoyeyuka kirahisi: matofali yale yale, ukuta mwingine. Kapsuli zikaondolewa sokoni mpaka dawa ikatengenezwa upya. Tangu hapo hakuna kampuni ya dawa yenye akili inayotoa kidonge bila mtu wa kuchunguza fuwele zake, na mtu huyo anatumia unga na fuwele moja kwa pamoja. Ukiniuliza nafasi ipi duniani ningeitaka kama ningeanza upya leo, ni hiyo.

Je, kompyuta haijaimaliza kazi hii?

Swali hili aliliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. Ni swali la haki, hasa kwa mlango wa protini.

Mwishoni mwa 2020 programu ya AlphaFold ilionyesha kwamba inaweza kubashiri umbo la protini kwa usahihi ambao hatukuutegemea. Mwaka 2022 hazina yake ilivuka maumbo milioni 200 ya kubashiriwa, na 2024 Demis Hassabis na John Jumper wakapata nusu ya Nobeli ya kemia. Kabla ya hapo, Nobeli ya 2017 ilikuwa imekwenda kwa krayo-EM, njia ya kugandisha protini kwenye utando wa barafu na kuipiga picha kwa elektroni, bila fuwele yoyote. Mwaka 2013 njia hiyo ilitoa umbo la TRPV1, kipokezi kinachokufanya uhisi pilipili inawaka. Protini za namna hiyo, zinazokaa kwenye utando wa seli, zilikuwa zikimaliza ujana wa watu kwa kukataa kuota fuwele. Inapendeza kwamba Richard Henderson, mmoja wa watatu waliopewa Nobeli hiyo, alikuwa mkristalografa aliyechoka kusubiri fuwele.

Kwa hiyo ndiyo, kitovu cha biolojia ya maumbo kimehama. Anayeingia protini leo akitaka kuwa mtu wa eksirei tu, ananunua daladala njia ambayo abiria wanapungua. Lakini kuna mahali ambapo eksirei bado haijapata mshindani: unapotaka kuona dawa ndogo imekaaje ndani ya protini, si moja bali mamia, haraka. Mwaka 2020 Diamond waliwekea protini moja ya kirusi cha korona vipande vya kemikali kwa mamia, fuwele baada ya fuwele, kutafuta pa kuanzia dawa. Na ubashiri wa AlphaFold wenyewe umegeuka zana yetu. Unasaidia kulitatua lile tatizo la fezi, ile nusu ya habari inayopotea mwali unapogonga kigunduzi. Zaidi ya yote, mikono iliyozoea kusafisha protini inahamia krayo-EM bila shida. Hadubini yenyewe ndiyo ghali, mamilioni ya dola. Chuo Kikuu cha Cape Town wanayo, kwenye kituo chenye jina la Aaron Klug, kijana aliyekulia Durban na kuchukua Nobeli ya 1982.

Kwenye molekuli ndogo hofu hiyo haijafika. Hakuna programu inayoweza kumwambia mkemia kwa uhakika kwamba alichokipika leo ndicho hiki. Nobeli ya kemia ya 2025, ya Kitagawa, Robson na Yaghi, ilikuwa ya fuwele zenye vitundu vinavyohifadhi gesi na maji. Maumbo ya fuwele hizo huthibitishwa kwa eksirei. Unga nao una kompyuta zinazojisomea mchoro zenyewe, na hapo kuna hatari ya aina nyingine: ukikubali kuwa mbonyeza kitufe, kitufe kitajibonyeza.

Kuvuka kutoka mlango mmoja hadi mwingine

Wengi hawaliulizi hili, na mimi ningelipa uzito kuliko mshahara wa kuanzia. Kutoka molekuli ndogo unavuka kokote, kwa sababu inakulazimisha kujifunza ulinganifu kwa kina, yale makundi 230 ya mpangilio ambayo fuwele haina ruhusa ya kutoka nje yake. Kutoka unga unavuka ukijitahidi, kama Rietveld uliielewa na hukuikariri. Kutoka protini kwenda molekuli ndogo ni pagumu kuliko inavyotarajiwa. Niliwahi kuwa na uzamivu mkononi na nikashindwa kueleza kwa nini fuwele yangu mpya ilikuwa pacha. Programu za protini zilikuwa zimenifichia mengi kwa upole wao. Mwaka mzima nilijisomea usiku mambo ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili pale alikuwa anayajua.

Tabia yako nayo ipime. Mtu anayependa kufunga jambo siku hiyo hiyo atateseka kwenye protini. Mtu anayetaka kusikia neno "malaria" au "sikoseli" kwenye kazi yake kila siku ataona saruji ni adhabu. Mtu mwenye wazazi wanaomtegemea mwezi huu asiende Ulaya na ada iliyosamehewa bila pesa ya kula. Nimewaona walioosha vyombo hotelini usiku na kulala kwenye hadubini mchana, na fuwele hazina huruma na mtu aliyesinzia.

Nilimwambia binti hivi. Nafasi ya uzamili isiyo na posho aiandikie kwa adabu, aombe ihifadhiwe mwaka mmoja au waeleze kuna ufadhili gani mwingine. Wakinyamaza, hapo pana jibu. Kazi ya saruji aichukue, kwa sharti ajifunze Rietveld kwa mkono wake na si kwa kusoma namba zinazotoka. Na Jumamosi arudi kwa mwalimu wake, amwombe kichupa kimoja cha fuwele, ategue moja kwa mwezi. Mikutano ya kristalografia ya Afrika ipo pia, wa tatu ulifanyika Nairobi Januari 2023, na bango lenye fuwele kumi na mbili zilizoteguliwa na mtu wa kiwandani litasomwa na watu wenye ufadhili. Angekuwa na posho kamili mkononi, ningemwambia vingine.

Wiki iliyopita alinitumia picha ya mchoro wake wa kwanza kwa simu, umepigwa kwa pembeni, kidole chake kinaonekana. Alikuwa amekizungushia duara kilima kirefu kwenye pembe ya nyuzi 29.4. "Dada, mashine inasema alaiti, mzee wa zamu anasema ni mawe ya chokaa yasiyoungua. Nani mkweli?" Nilicheka peke yangu. Alaiti, fuwele kuu ya saruji, na kalsaiti, madini ya mawe ya chokaa, zote mbili zinasimama pale pale, karibu kabisa, na wameshagombana juu yake watu wenye mvi. Nikamwandikia aangalie kama kuna kilima kingine kwenye 39.4 na kwenye 43.2, kalsaiti haitembei bila hivyo viwili. Bado hajajibu. Zamu yake inaisha saa mbili usiku.